Matangi matatu ya sheli yameng'olewa Kizota: sampuli za udongo ziwe ngapi, wapi, na zichukuliwe vipi?

SaitiKizota aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Kuna kiwanja Kizota, Dodoma, kilikuwa sheli, mwenye eneo anataka kupandisha fremu na hosteli. Matangi matatu ya chuma yameshatolewa: mawili ya petroli, moja la dizeli, kila moja lita 20,000, kipenyo mita 2 na urefu mita 6.4 hivi. Yalifunikwa na sm 90 za udongo, kwa hiyo tumbo la tangi lilikaa mita 2.9 kutoka usawa wa juu. Chini yake kuna mchanga wa kulalia wa sm 30, kisha udongo mwekundu wa kichanga, na chini zaidi ganda jeupe la chokaa. Maji hayajaonekana. Shimo lina kama mita 10 kwa 8.

Pampu zilikuwa nne kwenye visiwa viwili, na njia ya bomba ina kama mita 18. Tangi moja la petroli limekutwa na tundu la kidole kwenye tumbo. Shimo liko wazi siku ya tatu leo, na udongo uliotoka umelundikwa pembeni juu ya ardhi tupu.

Mkandarasi anataka kuchukua udongo kidogo kila kona ya shimo, auchanganye kwenye ndoo, ajaze mfuko mmoja wa nailoni, upelekwe maabara "wapime mafuta". Nina wasiwasi na utaratibu huo. Sampuli ziwe ngapi, zichukuliwe wapi na kwa kina gani, na maabara niwaagize wapime nini hasa? Ripoti itakwenda NEMC (wasimamizi wa mazingira wa taifa) na kwa benki inayotoa mkopo wa ujenzi.

Mpimaudongo alijibu:

Mkuu, mzuie kabla hajagusa ndoo. Petroli kwenye udongo inatambulika kwa vitu vinavyoruka: benzini, tolwini, ethilibenzini na zailini. Ukikoroga udongo kwenye ndoo, kwenye jua la Dodoma na upepo wa huku, umevirusha vyote hewani. Maabara itapima kilichobaki, ripoti itatoka safi, na mafuta yatakuwa pale pale chini ya hosteli. Halafu hata kama visingeruka, ukichanganya kona nne wakati iliyochafuka ni moja, namba imeshagawanywa kwa nne kabla haijafika maabara. Kuchanganya kunaweza kuvumilika kwenye risasi na metali nyingine. Kwenye petroli hapana.

Idadi inatokana na mahali mafuta yanapovujia, haitokani na ukubwa wa bajeti. Kanuni za California, ambazo watu wengi wanazitumia kama kipimo cha chini, zinataka sampuli chini ya kila ncha ya tangi, angalau futi 2, yaani sm 60, ndani ya udongo wa asili, na sampuli moja kwa kila futi 20 za mtaro wa bomba, yaani mita 6 hivi. Tilia mkazo hayo maneno "udongo wa asili". Mchanga wa kulalia haukupi jibu, kwa sababu mafuta yanaupita haraka na kwenda kutulia kwenye udongo mzito chini yake. Kwako wewe mchanga unaishia mita 3.2, kwa hiyo sampuli ya ncha ya tangi inatoka mita 3.8.

Piga hesabu hivi. Matangi matatu, ncha mbili kila moja: 6. Chini kabisa ya lile tundu: 1 ya ziada, hata kama liko katikati ya tangi. Chini ya kila pampu, sm 50 hivi chini ya kitako chake: 4. Mtaro wa bomba mita 18: 3, na usizipange kwa futi kamba kwa upofu, ziweke kwenye maungio na kwenye kona kwa sababu huko ndiko kunakovuja. Kuta za shimo: 4, moja kila upande, kwenye usawa wenye rangi au harufu, na kama hakuna dalili basi theluthi ya chini ya ukuta. Jumla 18 kabla ya kugusa lundo.

Lundo sasa. Shimo la mita 10 kwa 8 kwa 3.2 ni mita za ujazo 256. Toa matangi, 60, unabaki na 196. Udongo ukichimbwa unavimba asilimia 20 hadi 25, kwa hiyo pale pembeni una kama 240. Sampuli moja kwa kila mita za ujazo 40 ni 6. Zote pamoja 24. Ongeza sampuli pacha moja kwa kila kumi, yaani 3, na chupa mbili za kudhibiti, zisizo na udongo, zinazosafiri na kasha bila kufunguliwa. Usizisahau hizo chupa. Bila hizo, benzini ikionekana kidogo kila mahali hutajua kama imetoka ardhini au kwenye gari lililobeba kasha.

Kuhusu siku tatu: sakafu ya shimo imeshakauka na kupoteza mvuke. Usichukue kwenye uso ulioachwa wazi. Kijiko (mashine ya kuchimbia) kikwangue sm 30 hadi 50 ndipo kifikie udongo mbichi, kilete ndoo juu, na sampuli itoke katikati ya ndoo, si pembeni ambako udongo umegusa chuma. Kutoka ndoo kufika juu hadi chupa kufungwa zisipite dakika mbili tatu. Anza saa 12 na nusu asubuhi. Ikifika saa 5 upepo umeshaanza na udongo umeshapata moto, hapo funga kazi ya petroli, endelea na lundo au vipimo vya dizeli.

FundiTangi alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, naongeza upande wa vyuma.

Hilo tundu kwenye tumbo angalia liko wapi kwa urefu wa tangi. Likiwa wima chini ya bomba la kupimia, limetobolewa na fimbo. Kila siku fimbo inadondoshwa na kugonga sehemu ile ile, inaondoa kutu inayolinda chuma, na maji yanayokaa chini ya mafuta yanamalizia. Ndiyo maana tangi zuri huwekewa bamba la ziada hapo. Kwa kawaida tundu la namna hiyo linavuja taratibu kwa miaka bila hesabu ya mafuta kuonyesha, kwa hiyo udongo wa chini yake utakuwa na mafuta ya zamani na mapya kwa pamoja. Ukikuta tundu moja tafuta mengine: sugua tumbo lote kwa brashi ya shaba, gonga kwa nyundo ya shaba, si ya chuma.

Ila tusidanganyane, tangi lenyewe mara nyingi si mkosaji mkubwa. Bomba ndiyo mkosaji. Maungio ya nyuzi chini ya pampu, na pale bomba linapopanda kuingia kwenye tangi. Mahali pengine panaposahaulika ni kwenye mdomo wa kujazia, ambako lori linaunganisha mpira. Kila ukifunguliwa yanamwagika kidogo. Kama mdomo ulikuwa mbali na tangi, weka sampuli hapo pia, sm 50 chini. Na kama sheli ilikuwa na shimo la gereji la kubadilishia oili, hiyo ni hadithi nyingine yenye vipimo vyake.

Halafu usalama, kwa sababu naona mnazungumzia kina cha mita 3.8. MTU ASIINGIE. Zaidi ya mita 1.2 bila kuegemezwa kuta, udongo wa kichanga unashuka bila taarifa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini ya shimo kama maji. Unaanza kuwaka ukifika asilimia 1.4 ya hewa, na mtu anazidiwa na mvuke wenyewe kabla hata ya moto. Kila sampuli itoke kwenye ndoo ya kijiko. Simu, sigara na jenereta ziwe upande upepo unakotoka, mbali.

Matangi yenyewe yako wapi? Kama bado yapo saitini na watu wa chuma chakavu wanayazungukia na gesi ya kukatia, wafukuze. Tangi lililotolewa mafuta leo bado lina tope, na tope linatoa mvuke upya jua likipanda. Kipimo cha asubuhi si kibali cha mchana.

Chupa40 alijibu:

Naingia kwenye chupa na maabara, maana hapo ndipo kazi nzuri ya shimoni inapoharibikia.

Hilo ganda jeupe ni muhimu kuliko unavyodhani. Njia ya kawaida ya kuhifadhi udongo wa petroli, mbinu namba 5035 ya EPA (shirika la mazingira la Marekani), ina chupa zenye chumvi ya asidi, sodiamu bisalfeti. Udongo wenye chokaa ukikutana na asidi unachemka, unatoa povu la hewa ya kaboni. Povu linabeba benzini na kuondoka nayo, na chupa iliyofungwa inaweza kupasuka. Udongo wa Dodoma una chokaa sehemu nyingi, hata pale ambapo ganda halionekani. Pima kwanza: weka udongo kijiko kimoja kwenye kifuniko, dondoshea siki kali. Ukiona viputo, sahau bisalfeti na waambie maabara hivyo KABLA hawajakutumia chupa.

Badala yake agiza kwa kila sampuli:

Chupa mbili za mililita 40 zenye mililita 5 za maji safi ya maabara. Unaingiza gramu 5 za udongo, unafunga, unaweka kwenye friza ndani ya saa 48, nyuzi −7 au chini zaidi, lakini isipite −20 maana mpira wa kifuniko unakakamaa na kuvuja. Zilaze ubavu, zikisimama zinapasuka. Hizi ndizo zinazokupa kiwango kidogo cha kuonekana.

Chupa moja yenye mililita 10 za methanoli, nayo gramu 5. Methanoli lazima iufunike udongo wote. Hii ni ya sampuli zilizochafuka sana.

Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mililita 120, kifuniko chenye utando wa Teflon, imejaa hadi juu bila nafasi ya hewa. Hii ni ya dizeli, naftalini na wenzake, risasi, na kiasi cha maji. Bila kiasi cha maji maabara haiwezi kukupa majibu kwa uzito mkavu.

Zote zikae kwenye nyuzi 4 hadi zifike, na za petroli zipimwe ndani ya siku 14. Udongo wa dizeli una siku 14 za kukamuliwa, na mkamuo wake siku 40 zaidi. Risasi haina haraka, miezi 6.

Gramu 5 unazipataje shambani? Bomba la sindano la plastiki la mililita 10, kata ncha kwa wembe libaki silinda wazi. Chomeka kwenye udongo ulioko ndani ya ndoo, vuta pistoni kadiri unavyosukuma, ukipata mililita 3 umefika karibu gramu 5. Sukuma ndani ya chupa, futa uzi wa mdomo wa chupa kwa tishu safi, funga. Chembe moja ya mchanga kwenye uzi na kifuniko hakizibi. Sindano moja kwa sampuli moja, kisha tupa. Maduka ya dawa yanauza, haina haja ya kifaa cha gharama.

Usiandike lebo kwa kalamu ya wino mzito wa kunuka, ina tolwini au zailini ndani yake. Tumia penseli. Usijaze mafuta kwenye gari ukiwa na kasha la sampuli ndani. Mwiko usafishe kwa maji ya sabuni, suuza, malizia na maji ya betri (maji, si asidi!). Kuna watu wanafuta mwiko kwa kitambaa cha petroli ili "ukauke haraka". Naomba nisiendelee.

Kuhusu agizo la vipimo: "wapime mafuta" halina maana yoyote, watakupimia chochote. Andika: benzini, tolwini, ethilibenzini, zailini na MTBE (kiongezo cha petroli) kwa EPA 8260; jumla ya haidrokaboni za petroli, ukanda wa petroli C6 hadi C10 na ukanda wa dizeli C10 hadi C28, kwa EPA 8015; naftalini na kundi lake kwa 8270; risasi kwa 6010. Risasi usiidharau kama sheli ni ya kabla ya 2006, maana nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka huo. Na vipimo vyote vifanyike kwenye matangi yote matatu. Tangi la dizeli leo huenda lilikuwa la petroli au mafuta ya taa zamani, na rangi iliyopakwa kwenye kifuniko haikumbuki.

Maabara uliza maswali mawili. Ithibati yao ya ISO/IEC 17025 inagusa kipimo hiki kwenye UDONGO, au kwenye maji tu? Na kiwango chao cha chini cha kuripoti kwa benzini ni kipi? Mkemia Mkuu wa Serikali yuko hapo hapo Dodoma, anza kuulizia huko.

SaitiKizota aliandika:

Nashukuru sana wakuu. Siki imechemka, kwa hiyo bisalfeti imefutwa. Nimepata pia mashine ya kupima mvuke yenye taa ya 10.6 eV. Nimeweka udongo kwenye mifuko: chini ya tundu la petroli inasoma 640, ncha nyingine za petroli kati ya 10 na 35. Sasa kinachonichanganya ni ncha ya dizeli ya upande wa barabara. Inanuka wazi, udongo una rangi ya kijivu, lakini mashine inasema 12. Niamini pua au mashine? Naweza kutumia namba hizi kupunguza idadi ya sampuli za maabara?

Mchangaboi alijibu:

Mimi ningesema pua inatosha. Isiponuka ni safi, unachoma hela bure.

Mpimaudongo alijibu:

@Mchangaboi hapana. Pua inazoea ndani ya dakika chache, na benzini unaanza kuinusa ikiwa imeshavuka kiwango kinachodhuru mtu anayeivuta kila siku. Kunusa udongo kwa makusudi usimwagize mtu yeyote.

@SaitiKizota mashine haijakosea, imejibu swali lingine. Inahesabu mvuke, na dizeli haina mvuke wa kutosha. Kwenye dizeli namba ndogo haikuambii kitu. Tumia jaribio la utando: chupa ya jemu ya kioo, udongo theluthi moja, maji safi theluthi moja, tikisa sekunde 30, acha litulie, angalia juu ya maji kwa mwanga wa pembeni. Ukiona utando wa rangi za upinde, uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vyenye kingo kama kioo ni wa bakteria wa kawaida. Ukijifunga tena haraka nyuma ya kijiti, ni mafuta. Rangi ya kijivu uliyoiona kwenye udongo mwekundu nayo ni ushahidi: bakteria wanakula mafuta, wanamaliza oksijeni, na chuma kilichoupa udongo wekundu kinabadilika. Hiyo ncha inakwenda maabara bila mjadala.

Namba za mashine zina kazi moja, kukuelekeza mahali. Ili zifanane kati yao: mfuko wa zipu wa lita moja, udongo nusu, vunja mabonge kwa vidole vikiwa nje ya mfuko, acha dakika 10 kivulini, tikisa, chomeka ncha, chukua namba ya juu kabisa ndani ya sekunde 5 za mwanzo. Mifuko yote ikae kivulini. Mmoja ukikaa juani unasoma mara mbili ya mwenzake, na jasho ndani ya mfuko linafunika taa. Asubuhi irekebishe kwa gesi ya isobutilini ya ppm 100 (sehemu 100 kwa milioni). Udongo wa kwenye mfuko usiende maabara, umeshamaliza kazi yake.

Unaweza kupunguza kwenye kuta: pima mifuko mitatu kila ukuta, peleka maabara ule wa juu. Sakafuni usipunguze hata moja. Benki na NEMC hawasomi 12 wala 640, wanasoma miligramu kwa kilo.

Na hapo kwenye 640: chukua sampuli mbili, moja juu tu ya ganda la chokaa na nyingine chini yake. Mafuta yakifika kwenye ganda yanatambaa kwa pembeni juu yake kabla ya kupata ufa. Ukipima chini ya ganda pekee, utapata safi na mafuta yako mita tatu kando. Tundu la kufikia chini litobolewe kwa mkono, dogo, kisha lizibwe kwa bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba) iliyolowanishwa. Kijiko kisivunje ganda lote. Likivunjwa, mmeyafungulia mafuta mlango wa kwenda kwenye miamba iliyopasuka, na huko hakuna anayeyafuata kwa bei nafuu. Saiti za udongo mweusi wa mbuga, kwa wanaosoma huu uzi, zina tabia nyingine: kiangazi una nyufa za kina, mafuta yanashuka kwenye ufa na kuacha bonge kati yake likiwa safi. Huko chukua sampuli kwenye uso wa ufa.

KibaliKwanza alijibu:

Majibu yakija, utalinganisha na nini? Hili lipange sasa, si baadaye. Kuna Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, anza hapo. Kwa kitu ambacho hakina namba ya kukutosha, iandikie NEMC mapema, pendekeza kiwango cha nje utakachotumia, upate jibu la maandishi kabla ya kuchukua sampuli. Ukichagua kiwango baada ya kuona majibu, kila mtu atajua kwa nini ulikichagua.

Na viwango vya nje vinatofautiana kwa sababu vinauliza maswali tofauti. Jimbo la Washington, kwenye jedwali lake la matumizi yasiyo na masharti, lina benzini miligramu 0.03 kwa kilo, tolwini 7, ethilibenzini 6, zailini 9, petroli 100 lakini inashuka hadi 30 benzini ikiwepo, dizeli 2,000, risasi 250. Hiyo 0.03 inalinda maji ya chini ya ardhi. Uholanzi wao wana kiwango cha kuingilia kati: benzini 1.1, mafuta ya madini 5,000. Hicho kinakuambia lini hali ni mbaya kiasi cha kulazimisha hatua, si lini pamekuwa salama kwa hosteli. Watu wanakichukua cha Uholanzi kwa sababu ni rahisi kukifikia. Kwa nyumba ya kulala watu, usikubali.

Chupa40 alijibu:

Hapo kwenye 0.03 ndipo swali langu la kiwango cha kuripoti linapouma. Chupa ya methanoli, kwa jinsi inavyozimuliwa kabla ya kuingia kwenye mashine, inapandisha kiwango cha chini mara 50 hadi 100. Maabara inaweza kuandika "haikuonekana" huku haioni chochote chini ya 0.5. Ukilinganisha na 0.03, hiyo "haikuonekana" inaficha hadi karibu mara 17 ya kiwango. Kila mstari wa ripoti uwe na namba baada ya alama ya "chini ya", na namba hiyo iwe ndogo kuliko kiwango chako. Isipokuwa hivyo, rudisha ripoti, wapime zile chupa za friza. Ndiyo maana nilisema mbili.

Omba pia michoro ya mashine, si jedwali tu. Petroli mbichi ina vilele virefu mwanzoni mwa mchoro. Dizeli iliyokaa miaka imebaki na kilima cha mviringo. Vipande vya lami vilivyoingia kwenye sampuli ya chini ya pampu vinapandisha jumla ya haidrokaboni na vinaonekana mwishoni kabisa. Bila mchoro unaweza kuchimba kisiwa kizima kwa ajili ya lami.

KibaliKwanza alijibu:

Kwenye karatasi: fomu ya makabidhiano ya sampuli isafiri na kasha, kila anayelipokea aandike saa na sahihi, na maabara waandike joto la kasha lilipofika. Barafu iliyoyeyuka Morogoro bila mtu kujua inafuta kazi yote. Methanoli ni kimiminika kinachoshika moto, kwa hiyo kama sampuli zinakwenda Dar zisafirishwe kwa gari la kazi lenye maelezo, si kwenye buti ya basi la abiria. Ramani iwe na vipimo kutoka alama zisizohama: kona ya ukuta, nguzo ya umeme. Picha ya kila sehemu iwe na futi ndani yake.

SaitiKizota aliandika:

La mwisho wakuu. Lundo la mita za ujazo 240 nilifanyeje wakati nasubiri? Na nifukie shimo? Mwenye eneo anasukuma.

Mpimaudongo alijibu:

Usifukie. Ukifukia na majibu yakawa mabaya utachimba mara mbili, na kifusi kipya kitakuwa kimeshachafuka nacho. Zungushia uzio, weka tuta dogo la udongo safi kuzuia maji ya juu kuingia, na kama Novemba imekaribia fanya haraka. Mvua ya kwanza ikijaza shimo, hayo maji nayo ni ya kupimwa, hayapampiwi barabarani.

Lundo ligawe mawili leo hii kwa mashine ya mvuke, jaribio la utando na macho: linaloshukiwa na lisiloshukiwa. Chini weka plastiki nzito, juu turubai, pembeni mifuko ya mchanga. Lilivyo sasa juu ya ardhi tupu linachafua ardhi iliyokuwa nzima, kwa hiyo likihamishwa, kwangua sm 20 za chini yake na upime hapo pia. Sampuli za lundo zisitoke kwenye ngozi ya nje. Chimba sm 50 ndani.

Likitoka chafu kwa wastani, dizeli hasa, linaweza kutibiwa kwa kutandazwa: unene wa sm 30, juu ya plastiki, ligeuzwe kila wiki mbili, mbolea kwa uwiano wa kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1. Huku kwetu kinachokwamisha ni maji. Bakteria hawafanyi kazi kwenye udongo mkavu, na Dodoma kuanzia Mei hadi Novemba udongo uliotandazwa unakauka siku hiyo hiyo. Mwagilia jioni, funika. Haidrokaboni zikizidi miligramu 50,000 kwa kilo, bakteria wenyewe wanakufa, hapo utandazaji hauna maana bila kuchanganya na udongo mwingine. Petroli ukiitandaza inaruka tu hewani, umeihamisha, hujaitibu, na majirani watalalamika kwa haki. Kuliondoa saitini ni taka hatarishi: kibali kwanza, msafirishaji na mpokeaji wenye vibali.

FundiTangi alijibu:

Na usimpe mtu lori moja "akafukie barabara ya mtaa". Wataomba. Limepigwa marufuku hata kama ni jirani.

KibaliKwanza alijibu:

Kama sampuli ya chini ya ganda ikitoka chafu, kazi inahamia kwenye maji. Orodhesha visima virefu vilivyo jirani, kwa sababu watu wengi Kizota wana vya kwao, vina kina gani na nani anakunywa. Visima vya uchunguzi vinaanzia vitatu, vimepangwa pembe tatu, kwa sababu viwili haviwezi kukuonyesha maji yanaelekea wapi. Uchimbaji wake unahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika, na Dodoma imegawanywa na zaidi ya bonde moja, kwa hiyo thibitisha ni lipi kabla ya kupeleka barua. Kwenye maji ya kunywa mwongozo wa WHO kwa benzini ni miligramu 0.01 kwa lita. Kisima cha jirani kinachotumika kipimwe kwanza, hata kabla ya kuchimba vya kwako, na sampuli yake ichukuliwe kwenye bomba la kisimani, si kwenye tangi la juu ya paa.